Kila Safari na Kadi Zake

Kadi, vyeti na vifaa vidogo vya safari hupangwa kwa kufuata mtu atakayeviomba na mahali atakapoviombea. Anayetoka Mawengi, wilayani Ludewa, kwenda Dar es Salaam hukutana na waombaji wengi njiani. Konda wa kosta anataka nauli. Karani wa tiketi anataka jina na namba ya simu. Mhudumu wa gesti anataka kitambulisho aandike kwenye daftari la wageni, na wakala wa fedha anataka kuhakikisha kwamba jina linalosomeka kwenye simu ndilo lililo kwenye kitambulisho. Kila mmoja anataka kitu kimoja, tena upesi, kwa kuwa nyuma kuna foleni. Msafiri aliyerundika kila alichonacho kwenye pochi moja hulazimika kuifumua yote mbele ya stendi nzima ili atoe hicho kimoja. Hapo ndipo noti hudondoka, kadi ya benki husahaulika juu ya kaunta, na mwenye nia mbaya hujua fedha zilipo. Mpangilio mzuri ni ule unaomwezesha mtu kutoa kinachotakiwa bila kufichua kisichotakiwa.

Jiografia ya huku inaongeza uzito wa jambo hili. Kutoka Mawengi gari hupitia Lusitu hadi Itoni, jirani na mji wa Njombe. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege kwa sababu ya milima yake mikali na malori mazito yanayotarajiwa kubeba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Njombe hadi Makambako ni kama kilomita 60, na Makambako ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Hapo hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA. Kwa hiyo safari moja ya mkazi wa Mawengi mara nyingi ina bodaboda, kosta na basi kubwa ndani yake, na kila mtu anaposhuka gari moja na kupanda jingine anaweza kuacha kitu. Anayepandia basi moja mlangoni kwake na kushukia mwisho wa safari hana mzigo huo wa kukumbuka.

Kazi huanzia nyumbani, wala haianzi usiku wa kuamkia safari. Familia inahitaji mahali pamoja panapokaa nyaraka zote: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, vyeti vya shule, hati ya ardhi, kadi ya pikipiki, kadi za kliniki za watoto, pasipoti kama ipo. Sanduku la bati lenye kufuli linafaa kuliko begi la nguo, kwa kuwa panya hawalitoboi. Liwekwe chumbani juu ya kigoda au rafu, mbali na jiko la kuni na mbali na ukuta unaonyeshewa. Mvua za Njombe na Ludewa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo unyevu hupenya hata ndani ya nyumba isiyovuja. Karatasi iliyolala sakafuni hupata ukungu kabla mwenyewe hajajua.

Kila hati ipewe mfuko wake wa plastiki angavu, ule unaouzwa maduka ya vifaa vya shule, kisha yote yaingie kwenye jalada moja. Wapo wanaodhani mifuko hiyo imepigwa marufuku. Katazo lililoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Majalada ya kuhifadhia karatasi hayamo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wadogo vinahitaji uangalifu wa pekee. Njombe ni miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuingia katika mpango wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na vyeti vya mpango huo huandikwa kwa mkono papo hapo. Wino wa kalamu ukilowa husambaa, na jina la mtoto likishafifia mzazi atakuwa na kazi ya kulitetea hadi mtoto aanze kidato cha kwanza.

Kulaminisha vyeti ni desturi iliyoenea, na kwa vyeti vya asili ni desturi mbaya. Cheti kilichofungwa kwenye plastiki ya moto hakiwezi kugongwa muhuri wala kuandikwa nyuma, na anayejaribu kukitoa hukichana. Stakabadhi za mashine za kodi ndizo huharibika kabisa: karatasi yake huandikwa kwa joto, kwa hiyo ikipitishwa kwenye mashine ya kulaminisha hugeuka nyeusi yote. Kinachofaa kulaminishwa ni nakala.

Nakala zenyewe ziwe mbili kwa kila hati muhimu. Moja hubaki sandukuni pamoja na ya asili, nyingine husafiri. Zinazopelekwa ofisini huthibitishwa kwanza na wakili au hakimu, na ni nafuu kuzithibitisha Njombe mjini au Makambako kwa utulivu kuliko kutafuta wakili mtaa usioujua asubuhi ya miadi. Wakati wa kutoa kopi ndio wakati wa kusoma kila cheti herufi kwa herufi. Aliyezaliwa Mawengi na kusajiliwa kabla ya Machi 2012 atakuta cheti chake kimeandikwa Mkoa wa Iringa, kwa sababu Mkoa wa Njombe ulikuwa bado haujaundwa. Hilo si kosa wala halihitaji kurekebishwa, ila mwenye cheti ajue kulieleza. Jina lililoandikwa tofauti kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye cheti cha kidato cha nne ni jambo jingine. Hilo hushughulikiwa miezi kabla ya safari, kwa hati ya kisheria ya majina iliyosajiliwa, na halimalizwi kwa maelezo ya mdomo dirishani.

Kutoka kwenye sanduku hilo huchaguliwa vya kusafiri navyo, na kila kilichochaguliwa kina mojawapo ya makao matatu: mwilini, kwenye begi la mkononi, au kwenye mzigo wa buti.

Mwilini hukaa vile ambavyo msafiri akivipoteza safari inasimama. Kitambulisho cha taifa, kadi moja ya benki kama anayo, simu, tiketi na fedha ya siku hiyo. Orodha hiyo ni fupi kwa makusudi. Kadi ya pili ya benki, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva kwa mtu asiyekwenda kuendesha, kadi za uanachama wa vikundi, zote hizo zibaki nyumbani. Kadi isiyo na kazi katika safari hiyo haimsaidii msafiri, na ikipotea humpa shughuli ya kuitafuta upya. Waleti ya mfuko wa nyuma wa suruali haifai kwa safari ya basi; mtu akikaa saa kumi inamuumiza, na akisimama ndiyo ya kwanza kuchomolewa. Mfuko wa ndani wa koti, au kipochi chembamba kinachovaliwa chini ya shati, ni salama zaidi. Fundo la kanga ambalo akina mama wamelitegemea miaka yote bado ni hifadhi nzuri ya noti, mradi lisiwekwe kadi ndani yake, kwa kuwa kadi hupinda na kukatika.

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe. Zinabaki kumi na mbili za kujifunza kwa moyo. Anayezijua hata kadi ikipotea anaweza kuhudumiwa mahali pengi, hasa penye mashine ya alama za vidole. Kwa asiyepata kitambulisho bado, barua ya mtendaji wa kijiji yenye picha na muhuri ndiyo kinga yake, na iandikwe karibu na tarehe ya safari. Barua ya mwaka juzi humtia mashaka anayeisoma.

Laini ya simu nayo ni kadi ya safari, pengine kuliko zote, kwa sababu fedha za wengi zimo humo. Tangu kampuni za simu zianze kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole, baada ya tarehe 20 Januari 2020, kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Kabla ya safari ndefu msafiri apige *106# aone laini zilizo kwa jina lake. Tatizo kubwa vijijini ni laini za kuazimana: kijana anatumia laini iliyosajiliwa na mjomba wake, ameweka humo akiba ya mauzo ya viazi, kisha simu inaibwa Ubungo. Kuirudisha laini ile kunahitaji kidole cha mjomba, na mjomba yuko Mawengi. Kila mwenye kitambulisho asafiri na laini yake mwenyewe. Laini za mitandao miwili tofauti pia zinasaidia, kwani panapokosekana mawimbi ya mmoja mara nyingi wa pili upo.

Fedha taslimu zigawanywe mafungu matatu. Fungu dogo la chenji, noti za elfu moja na mbili pamoja na sarafu, likae mfuko wa mbele kwa ajili ya bodaboda, maji, mahindi ya kuchoma na choo cha kulipia. Fungu la nauli na malazi likae kwenye kipochi cha ndani. Fungu la tatu, la kurudia nyumbani, lifichwe mahali tofauti kabisa na lisiguswe. Anayelipia chupa ya maji kwa kutoa bunda zima amekwisha kutangaza alichonacho.

Begi la mkononi hukaa miguuni au mapajani, wala haliendi kwenye kishubaka cha juu ya viti, na msafiri hushuka nalo hata abiria wanaposhuka kuchimba dawa. Ndani yake huwa na jalada la hati za safari hiyo, chaja, pawabenki, dawa, mswaki, kalamu, karatasi yenye namba za simu za watu wanne au watano, na sweta. Hilo la mwisho linahitaji neno. Anayeondoka Njombe alfajiri ya Juni au Julai anaondoka kwenye baridi inayoweza kuacha sakitu juu ya majani, na siku hiyo hiyo anateremka mlima Kitonga kuingia kwenye joto la Ruaha Mbuyuni na Mikumi. Sweta likiwa ndani ya buti halimfai asubuhi, na nguo nyepesi ikiwa ndani ya buti haimfai mchana. Avae tabaka: shati jepesi ndani, sweta juu, koti mwisho, na begi liwe na nafasi tupu ya kupokea anavyovua. Wakati wa kurudi mpangilio hugeuka. Sweta ndilo litakuwa juu kabisa kwenye begi, kwa kuwa litahitajika kuanzia Mafinga.

Waya za chaja na spika za masikioni zikiachwa huru ndani ya begi hufungana na kukatika shingoni. Kila waya uviringwe peke yake na kufungwa kwa kipande cha mpira, kisha vyote viwekwe kwenye kipochi kimoja chenye zipu. Pawabenki ijazwe nyumbani usiku. Umeme Mawengi uliingia kwa nguvu ya wananchi wenyewe na wafadhili wao, kupitia mtambo mdogo wa maji wa kilowati 300 unaojulikana kama LUMAMA, kwa ajili ya vijiji vya Lupande, Madunda, Mawengi na jirani zake. Asiye na umeme kwake huenda kuchaji dukani, na afanye hivyo siku moja kabla. Soketi za ndani ya mabasi zisitegemewe.

Mzigo wa buti ni wa vitu ambavyo vikichelewa siku mbili hakuna atakayelia. Hapo hakukai hati, fedha wala dawa. Kila mzigo uandikwe jina, mji wa kushukia na namba ya simu kwa makapeni, pande mbili, na karatasi yenye maelezo hayo hayo iwekwe ndani. Salfeti la viazi lililoshonwa mdomo linafanana na masalfeti mengine arobaini ndani ya buti lile lile. Uzi wa rangi tofauti, au kitambaa chekundu kilichoshonewa kwenye kona, hulitambulisha kwa mbali. Kikaratasi cha namba ya mzigo anachotoa konda kikae pamoja na tiketi, mwilini.

Baada ya msingi huo, kila aina ya safari ina madai yake.

Safari ya hospitali ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mwenye kadi hana nguvu za kuzitafuta. Wagonjwa wa ukanda huu huenda Lugarawa hukohuko Ludewa, hospitali ya rufaa ya mkoa Njombe, Ilembula wilayani Wanging'ombe, au Ikonda kule Makete, inayopokea watu kutoka mikoa ya mbali. Jalada la mgonjwa liwe na barua ya rufaa juu kabisa, kisha kadi ya bima, kitambulisho, daftari au kadi ya hospitali ya awali, majibu ya vipimo kwa mfuatano wa tarehe, na mwisho picha za eksirei ambazo zisikunjwe. Dawa anazotumia zisafiri na pakiti zake, hata zilizokwisha, kwa kuwa daktari anataka kusoma jina na kiasi. Vidonge vilivyomwagwa kwenye kikaratasi vinampotezea muda. Anayeshika jalada ni msindikizaji. Mgonjwa mwenyewe abaki na karatasi mfukoni yenye jina lake, namba ya simu ya msindikizaji, namba ya ndugu wa nyumbani, na ugonjwa au dawa inayomdhuru kama ipo. Wakitenganishwa kwenye msongamano wa mapokezi, karatasi ile inamwezesha muuguzi kujua pa kuanzia. Vifaa vya msindikizaji navyo vina uzito wake: blanketi la kweli, kwa sababu Makete ni baridi kuliko hata Njombe, chupa ya chai, bakuli, sabuni, ndala na ndoo ndogo.

Kadi za kliniki ya VVU zinastahili mahali pa pekee. Tafiti za kitaifa za 2016/17 na za 2022/23 zilikuta Njombe ina kiwango cha juu cha maambukizi kuliko mikoa mingine ya Tanzania Bara, kwa hiyo kadi hizo zinasafiri na watu wengi, tena watu wanaofanya kazi, biashara na masomo kama wengine. Kadi ya mtu ni siri yake. Iwekwe kwenye kava lisiloonyesha ndani, tofauti na jalada linalofunguliwa mbele ya makarani, na dawa ziwe kwenye begi la mkononi. Anayekwenda mbali kwa wiki kadhaa azungumze na kliniki yake mapema apewe dawa za kutosha pamoja na za siku za ziada, na asafiri na kadi ili kituo cha huko kiweze kumhudumia akiishiwa. Kukatiza dawa kwa sababu kadi iliachwa nyumbani ni hasara inayoepukika kwa dakika tano za maandalizi.

Safari ya msiba haitoi muda wa kupanga. Simu inalia usiku, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea saa 24, Oktoba 2023, mtu anaweza kuwa barabarani kabla hajapata usingizi wa pili. Kwa hiyo begi la msiba hupangwa wakati hakuna msiba: kanga mbili au kitenge, shuka zito, sweta, ndala, mswaki, tochi yenye betri mpya, pakiti ya vitambaa, bahasha ya rambirambi yenye noti ndogo. Hukaa limefungwa, na anayelitumia hulijaza upya akirudi. Hati pekee inayohitajika ni kitambulisho. Msibani mabegi ya watu wengi hurundikwa chumba kimoja na kila mtu huingia na kutoka, kwa hiyo simu na fedha visiachwe humo hata kwa usiku mmoja. Aliyechaguliwa kukusanya michango ya ukoo kwa simu atumie laini ambayo haina fedha zake binafsi, aweze kusoma hesabu mbele ya wazee bila kutafuta shilingi ipi ni ya nani.

Safari ya shule ya bweni huwa na mabegi makubwa na hati chache. Fomu ya kujiunga ndiyo inayosema kila kitu. Isomwe na mzazi na mtoto pamoja, na kila kilichotajwa kiwekewe alama kinapoingia tranka. Fomu iliyojazwa, nakala ya cheti cha kuzaliwa, matokeo, picha ndogo, stakabadhi za malipo na fomu ya daktari vikae kwenye bahasha moja anayoshika mtoto mkononi. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, namba za wazazi ziandikwe mahali pawili, ndani ya kifuniko cha tranka na ndani ya daftari. Ufunguo wa kufuli uwe na wa pili, naye mtoto aujue ulipo.

Anayekwenda kwenye usaili wa kazi ana jalada zito kuliko mwanafunzi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita hadi vya chuo, pamoja na kitambulisho, na matangazo yake yanasema wazi kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliki. Hii ni safari pekee ya ndani ya nchi ambayo vyeti vyote vya asili hutoka sandukuni kwa pamoja, kwa hiyo hatari yake ni kubwa. Visikae buti, visikae kishubakani, wala visikabidhiwe jirani wa kiti. Vipangwe kwa mpangilio ule ule wa tangazo, ili mkaguzi akisema kidato cha sita mkono uende moja kwa moja. Picha za kila cheti zitumwe kwa ndugu mwaminifu kabla ya kuondoka. Picha hazimwokoi mtu usailini, lakini zina namba za vyeti, na kwa namba hizo maombi ya kupata vingine huenda haraka.

Mfanyabiashara wa parachichi, viazi au mbao anasafiri na aina mbili za hati: zake na za mzigo. Za mzigo huufuata mzigo. Kama lori linatangulia, dereva awe na hati zote za ukaguzi: stakabadhi ya ushuru, stakabadhi ya mauzo, na kwa mbao kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka kwa wakala wa misitu, TFS, chenye kiasi, aina ya mti na njia vinavyolingana na kilichopakiwa. Mwenye mali abaki na nakala na picha zake kwenye simu, kwa kuwa ndiye atakayepigiwa kukitokea swali kwenye kizuizi. Stakabadhi za mashine hufifia zikikaa kwenye jua la kioo cha mbele; zitolewe kopi siku hiyo hiyo. Za kwake mwenyewe ni leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi na kitambulisho. Fedha za mauzo zisirudi nyumbani mfukoni kama benki au wakala yupo. Katika msongamano wa Kariakoo begi la mgongoni huvaliwa kifuani, na mwenyeji hufanya hivyo bila aibu yoyote.

Mjini Dar es Salaam huongezeka kadi za usafiri wa mjini, kwa mwendokasi na kwa kivuko cha Kigamboni ambako N-Card hutumika. Asiyekwenda mara kwa mara anaweza kuiazima kwa mwenyeji wake. Aliyenunua ya kwake aiweke sandukuni akirudi, kwenye bahasha iliyoandikwa “Dar”, maana safari ijayo itakuwa imefika kabla hajaikumbuka.

Kuvuka mpaka kunataka zaidi. Kutoka Makambako njia za karibu ni Tunduma kwenda Zambia na Kasumulu kwenda Malawi. Pasipoti ya kielektroniki, ambayo Tanzania ilianza kuitoa Januari 2018, ndiyo hati ya kutegemewa. Kwa safari ya mara moja katika nchi jirani Idara ya Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya safari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hubanwa pamoja na pasipoti. Cheti hicho huanza kutambulika siku kumi baada ya chanjo, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinakihesabu kuwa halali kwa maisha yote ya mwenyewe, hivyo kadi ya zamani isitupwe kwa sababu tu imeandikwa miaka kumi. Abiria wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hukaguliwa ndani ya behewa, pengine wakiwa wamelala. Pasipoti iwe ndani ya nguo, na begi lifungwe kwa mnyororo mdogo kwenye mguu wa kitanda. Shilingi na kwacha zikae mifuko tofauti tangu zinapobadilishwa, vinginevyo hesabu ya soko huchanganyika.

Kwa ndege, iwe kutoka Songwe au Dar es Salaam, pawabenki huingia kwenye begi la mkononi, haipelekwi kwenye mzigo. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na yenye mAh 20,000 ina kama 74, kwa hiyo inapita. Safari za nje zina kikomo cha mililita 100 kwa kila kimiminika kinachobebwa mkononi, na asali ya zawadi kwa shangazi aliyeko ng'ambo inahesabiwa humo. Ifungwe vizuri iende kwenye mzigo, baada ya kuhakikisha kwamba nchi ile inairuhusu kuingia.

Kitu kikipotea, mfuatano wa hatua ndio unaookoa fedha. Kwanza laini ya simu ifungwe, kwa kupiga 100 kutoka simu ya mtandao ule ule, kwa sababu mwizi huanzia kwenye fedha. Pili kadi ya benki isimamishwe. Tatu ni polisi, kupata taarifa ya kupotelewa na mali, ambayo ofisi nyingine zote zitaidai. Kitambulisho na vyeti hufuata baadaye, kwa utulivu. Ujumbe wa kitapeli unaoingia baada ya wizi, mathalani kuwaomba ndugu fedha, hutumwa namba 15040. Yote haya yanahitaji ile karatasi ya namba za simu ya kwenye begi la mkononi, kwani aliyeibiwa simu huwa ameibiwa na namba zote za watu wake.

Siku ya kurudi kazi humalizikia pale ilipoanzia. Hati hutolewa kwenye begi usiku huo huo, zilizopata unyevu hutandazwa juu ya meza zikauke bila moto, kisha kila moja hurudi kwenye mfuko wake sandukuni. Tarehe za mwisho husomwa wakati huo: bima, leseni, na hasa pasipoti, ambayo nchi nyingi hutaka ibakiwe na miezi sita au zaidi. Iliyokaribia kwisha huandikwa kwenye kikaratasi juu ya kifuniko, na safari inayofuata ya kwenda Njombe mjini hupangwa pamoja na kuihuisha.